Lenzi za Elektroni na Ila Zake

Lenzi ya kamera, msomaji, si kipande kimoja cha kioo. Ndani yake mna vioo kadhaa: kimoja kimebinuka nacho hukusanya miale, kingine kimebonyea nacho huitawanya, hata ila ya hiki ikafutwa na ila ya kile. Mafundi wa vioo waliijua hila hiyo tangu zamani.

Mwaka 1931, mjini Berlin, Ernst Ruska na Max Knoll walitengeneza hadubini itumiayo elektroni badala ya mwanga. Lenzi zake zilikuwa koili za waya zenye nguvu za sumaku. Elektroni zilizopita kandokando zilipindwa mno kuliko zilizopita katikati, basi hazikukutana mahali pamoja, na sura ikawa na ukungu. Utasema, na itiwe lenzi ya kubonyea! Lakini mwaka 1936 Mjerumani mwingine, Otto Scherzer, alithibitisha kwa hesabu kwamba lenzi ya elektroni iliyo ya mviringo, yenye nguvu isiyobadilika, wala haina chaji ya umeme njiani, haiwezi kamwe kuepukana na ila hiyo.

Wengi waliikariri hukumu wakasahau masharti. Scherzer mwenyewe hakuyasahau. Mwaka 1947 alionyesha ya kuwa sharti moja tu likivunjwa, kwa mfano mviringo ukiachwa, njia hufunguka. Kazi ya mikono ndiyo iliyokuwa ngumu: sumaku nyingi zilitakiwa zilingane barabara, na umeme wake usiyumbe hata kidogo. Majaribio yalishindwa moja baada ya jingine, wafadhili wakachoka, na Scherzer akafariki mwaka 1982.

Mwaka 1990 mwanafunzi wake wa zamani, Harald Rose, alibuni mpango wa sumaku mbili zenye ncha sita sita. Ya kwanza huipotoa sura, ya pili huondoa upotofu huo, na kinachosalia ni ila iliyo kinyume cha ile ya lenzi. Maximilian Haider alikiunda chombo hicho huko Heidelberg, akishirikiana na Rose na Knut Urban. Mwaka 1998 walitangaza kuwa hadubini iliyokuwa ikitenganisha vitu vilivyo umbali wa nanomita 0.24 sasa ilitenganisha hata vile vya chini ya 0.14. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Na katika almasi, atomi mbili jirani ziko umbali wa nanomita 0.154 tu.

Huko Cambridge, Uingereza, Ondrej Krivanek naye alifaulu kwa hadubini ya namna nyingine. Mwaka 2020 wote wanne walitunukiwa Tuzo ya Kavli ya Norway. Rose alikuwa na umri wa miaka 85.