MASHINE YA BABU: Kumbe Wembe wa Kwa Mangi Una Historia Nzito Hivi

Nenda kwa Mangi, nunua wembe mmoja, utoe kwenye karatasi yake taratibu (ukijikata mimi simo) halafu uweke mezani. Angalia katikati. Kuna lile tundu refu, pana hapa, jembamba pale. Mimi nyembe nimezitumia tangu shule ya msingi, kuchongea penseli, kukata kucha, kufumua nguo za mitumba, na hata siku moja sikuwahi kujiuliza lile tundu kazi yake nini. Nilijua ni urembo tu.

Jibu nilikuja kulipata mwaka juzi baada ya msiba wa babu mzaa mama. Siku ya kugawana vitu ilikuwa kama kawaida ya ukoo wowote. Shamba lina mwenyewe, baiskeli ina mwenyewe, redio ya mbao ikagombaniwa na wajomba wawili mpaka sauti zikapanda. Mwisho likabaki kopo la bati. Ndani kulikuwa na brashi iliyonyonyoka, kipande cha kioo, na mashine ya kunyolea ndevu ya chuma. Mjomba mkubwa akaisukuma upande wa vyuma chakavu.

"Hii apewe wa skrepa, tutapata hata hela ya chumvi."

Nikamwambia mjomba, hiyo naomba mimi. Akaniangalia kidevuni, akacheka.

"We mjomba, ndevu zenyewe unazo?"

Ninazo, na ndo ulikuwa ugonjwa wangu. Wale wenzangu mnaonyoa leo halafu keshokutwa shingo imejaa vipele kama imeng'atwa na siafu, mnanielewa. Nilikuwa nanyoa na zile mashine za plastiki zenye nyembe tatu, kwenye tangazo jamaa anajipapasa kidevu laini huku anatabasamu. Mimi nilikuwa najipapasa huku nalia. Picha zangu zote za kipindi kile nimeweka mkono kidevuni, watu wakadhani ni pozi.

Basi nikaiosha ile mashine. Inafunguka vipande vitatu: mpini, bamba la chini lenye matundu pembeni, na kifuniko kilichopinda kama mgongo wa kobe. Wembe unakaa katikati, unakaza mpini, kazi imeisha. Chini ya bamba kuna maandishi madogo: Gillette, Made in England. Nikaenda kwa Mangi, nikanunua wembe, nikauweka. Ukaingia kama vilizaliwa pamoja. Mashine ina umri wa kunizidi mara mbili na zaidi, wembe umetoka kiwandani juzi, na hakuna aliyelazimisha.

Hapo nikaanza kuchimba.

Kabla ya haya yote mwanaume alinyolewa na wembe wa kukunja, ule mrefu kama kisu, unaonolewa kwenye mkanda wa ngozi. Mkono ukitetemeka umeumia. Karne ya 18 fundi visu mmoja Mfaransa, Jean-Jacques Perret, aliuvalisha wembe wa aina hiyo kinga ya mbao ili usizame kwenye ngozi. Mwaka 1880 ndugu wa familia ya Kampfe kule New York wakasajili mashine yenye kinga ya chuma, ila wembe wake bado ulikuwa mnene na ulibidi unolewe. Yaani usalama ulikuwepo, usumbufu palepale.

Sasa anaingia King Camp Gillette. King ni jina lake, sio cheo. Alizaliwa mwaka 1855 Wisconsin, akakulia Chicago, na moto mkubwa wa Chicago wa 1871 ukaipukutisha mali ya familia yao. Akawa muuzaji wa kutembeza bidhaa. Moja ya kazi zake ilikuwa kuuza vizibo vya chupa, vile vile vya bati unavyong'oa kwenye soda mpaka leo. Aliyevivumbua, William Painter, ndiye alikuwa bosi wake, na alimshauri abuni kitu ambacho mtu anatumia, anatupa, anarudi kununua kingine. Wazo likamjia mwaka 1895 akiwa anajinyoa na wembe wake umekuwa butu: tengeneza wembe mwembamba kabisa, wenye makali pande mbili, ukiisha makali unatupa.

Kusema rahisi. Wataalamu wa vyuma walimwambia haiwezekani, bati jembamba vile ukilichoma ili liwe gumu linajikunja. Alihangaika miaka 6 mpaka alipokutana na mhandisi William Nickerson, ambaye ndiye aliyepata njia ya kuukaza wembe bila kupinda. Mimi naona Nickerson kadhulumiwa na historia. Jina lake halipo kwenye pakiti yoyote. Kwenye pakiti ilikaa sura ya Gillette miaka na miaka, tena yenye masharubu makubwa. Muuza nyembe hakunyoa masharubu!

Kampuni ilianza 1901. Mwaka 1903, mwaka wa kwanza wa mauzo, waliuza mashine 51 na nyembe 168. Hamsini na moja, nchi nzima ya Marekani. Wewe uliyefungua duka la mtandaoni mwezi uliopita, umeuza viatu jozi tatu na unataka kufunga, hebu tulia. Mwaka uliofuata ziliuzwa zaidi ya mashine 90,000, na Novemba 1904 hati ya uvumbuzi ikatoka.

Hapa ndipo nataka kugombana na mtu. Ukienda semina yoyote ya ujasiriamali utasikia: "Gillette alitajirika kwa sababu aligawa mashine bure akauza nyembe!" Halafu watakuletea mfano wa printa na wino, watu wanaandika kwenye daftari. Wadau, tumepigwa. Gillette aliuza mashine yake dola 5, pesa ya kushtua wakati ule, na hakushusha bei kwa miaka yote ambayo hati yake ilimlinda. Ilikuwa kitu cha kishua, inakaa kwenye boksi lake, imepakwa nikeli au dhahabu kidogo kwa juu. Bei ilishuka 1921 baada ya ulinzi kuisha, pale kila mwenye kiwanda aliporuhusiwa kutengeneza mashine kama ile. Ndipo mashine ya muundo wa zamani ikauzwa dola 1.

Sasa kwa nini hilo ni muhimu kwa mtu mwenye vipele? Kwa sababu mashine ya dola 5 ilitengenezwa idumu. Shaba nzito ndani, nikeli nje. Mtu aliyelipa hela ile hakutarajia kuitupa. Kilichotupwa ni wembe tu, kipande chembamba cha chuma. Tabia ya kutupa mpaka mpini imekuja baadaye sana, na tutafika.

Kilichoisambaza dunia nzima ni vita. Marekani ilipoingia Vita Kuu ya Kwanza, serikali iliagiza kwa ajili ya wanajeshi wake mashine milioni 3.5 na nyembe zaidi ya milioni 30. Kinyago cha kujikinga na gesi ya sumu hakikai vizuri kwenye uso wenye ndevu. Vijana wakarudi nyumbani na mashine mfukoni na mazoea ya kujinyoa wenyewe kila asubuhi. Na sio wanaume tu. Mwaka 1915 kampuni ilitoa mashine ndogo ya dhahabu ya wanawake, Milady Décolleté, kipindi ambacho nguo zisizo na mikono zilikuwa zinaingia. Kwa hiyo dada zangu, vita vyenu na kwapa vina zaidi ya miaka 100.

Na lile tundu? Wembe wa kwanza wa Gillette ulikuwa na matundu matatu ya duara. Baadaye mpinzani wake, Henry Gaisman wa kampuni ya AutoStrop, akatoa wembe wake mwenyewe, Probak, wenye matundu ya umbo jingine lakini unaingia kwenye mashine za Gillette. Gillette nao wakatoa wembe mpya wenye mpasuo katikati. Gaisman akawapeleka mahakamani. Mwaka 1930 wakamalizana kwa kuungana, na kwenye kukagua vitabu ikaonekana Gillette walikuwa wametia chumvi faida yao kwa mamilioni ya dola. Gaisman akaishia kuwa bosi. Ule mpasuo wa katikati, ambao leo uko kwenye wembe wa Mangi bila kujali umetengenezwa nchi gani, umetoka kwenye ugomvi ule. Na uzuri wake, unaingia mpaka kwenye zile mashine za mwanzo za matundu matatu.

King mwenyewe mwisho wake ulikuwa mgumu. Anguko la masoko ya hisa la 1929 lilimkomba vibaya, akafariki 1932. Na kuna kitu kimoja kuhusu yeye bado kinanichanganya: mwaka 1894 alikuwa ameandika kitabu akitaka ushindani wa kibiashara ufutwe kabisa, watu wote wawe chini ya shirika moja la umma na waishi kwenye jiji moja kubwa linalotumia umeme wa maporomoko ya Niagara. Mwaka mmoja baadaye ndo akapata wazo la wembe.

Kuhusu mashine ya babu nilisaidiwa na mzee mmoja fundi saa, jina kapuni, hapendi mambo ya mitandao. Droo yake ya chini kabisa imejaa mashine za kunyolea, nyingine zimekuja na mitumba, nyingine kaletewa na wateja. Nilimpa shikamoo, nikaiweka mezani. Akavaa ile lenzi yake ya jicho.

"Marahaba. Hii ni Tech mjukuu wangu. Umeitoa wapi?"

Tech ilianza kutengenezwa 1938, na za Uingereza zilitokea kiwanda cha Isleworth, London, kilichofunguliwa mwaka mmoja kabla. Nikamuuliza yangu ya mwaka gani. Akasema hajui, hazina alama. Zenye alama ni hizi, akatoa nyingine ya Kimarekani yenye milango miwili juu inayofunguka ukizungusha kitako cha mpini, kama ua linachanua. Chini imeandikwa F2. Herufi ni mwaka, namba ni robo ya mwaka. A ni 1955, hesabu mpaka F unapata 1960. Yaani mzee ameshika kitu na anajua kimetoka kiwandani kati ya Aprili na Juni 1960. Nilimwonea wivu, sifichi.

Alinionya mambo machache. Usisugue na steel wool, utang'oa nikeli. Usiloweke kwenye jiki. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo, mswaki mzee, halafu spiriti. Kabla ya kununua, weka wembe uangalie pande zote mbili umetokeza sawasawa, mashine iliyowahi kuanguka inapinda na itakukata. Na wembe ni wako peke yako, mpya. Sisi tuliokua na matangazo ya UKIMWI kila ukuta hilo hatuhitaji kufundishwa, lakini nimeona vijana wanaazimana.

Siku ya kwanza nilijikata mara mbili, kwa sababu nilikandamiza kama nimezoea plastiki. Chuma kina uzito wake, kiache kishuke chenyewe. Povu la kutosha, mpini uulaze kiasi, fuata ndevu zinakoelekea, usirudishe kinyume. Nywele zetu zimejikunja. Zile mashine za nyembe nyingi, wembe wa kwanza unauvuta unywele, unaofuata unaukata chini ya usawa wa ngozi, unywele unarudi ndani ukiota unachoma ngozi kutokea pembeni. Hicho ndo kipele. Wembe mmoja unakata usawa wa ngozi na kuishia hapo. Baada ya kama wiki sita shingo yangu ilikuwa imetulia. Sio kila mtu itamkubali, wengine dawa yao ni kuacha ndevu, ila mimi imenikubali.

Basi kwa nini waliacha kuzitengeneza? Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Wilkinson Sword, watengeneza mapanga ya kijeshi wa Uingereza, walileta nyembe za chuma cha pua zisizoshika kutu, zikadumu kuliko za Gillette, Gillette wakajikuta wanafukuzia. Wembe wa mpasuo kila mtu anaweza kuutengeneza. Mwaka 1971 Gillette wakatoa Trac II, nyembe mbili ndani ya kichwa cha plastiki ambacho kinaingia kwenye mpini wao tu. Mwaka 1998 zikawa tatu, mwaka 2006 zikawa tano. Hesabu zangu ni za sekondari lakini naona wazi: ule mchezo wa kwenye semina, wa kukufunga na mpini ili ununue vichwa, umeshika kweli huku mwishoni, sio kule kwa King.

Mwezi uliopita mjomba mkubwa akasikia kuna wazee wananunua hizi mashine. Simu ikapigwa: mali ya marehemu, ilitakiwa tukae kikao. Nikamwambia mjomba njoo Jumapili. Akaja. Nikamkalisha kwenye stuli uani, nikampaka povu, nikafungua wembe mpya mbele ya macho yake, nikamnyoa. Hakusema neno muda wote. Nilipomaliza akajipapasa kidevu, akaniomba kioo, akajiangalia muda mrefu.

Akaondoka na pakiti yangu ya nyembe. Mashine kaiacha.