Ini na bandama (uhusiano wa kimetaboli)

Ini na bandama (au wengu) ni viungo viwili vya tumbo ambavyo kazi ya kimoja humaliziwa na kingine. Ini hukaa upande wa kulia chini ya kiwambo, na kwa mtu mzima lina uzito wa kilo 1.5 hivi, bandama limejificha kushoto nyuma ya mbavu za chini, uzito wake gramu 150 tu au karibu na hapo. Kinachoviunganisha ni mkondo wa damu. Damu itokayo kwenye bandama hairudi moyoni moja kwa moja: vena yake hupita nyuma ya kongosho, huungana na vena itokayo kwenye utumbo, nazo kwa pamoja hufanya vena ya porta inayoingia kwenye ini. Kwa hiyo karibu kila kitu kinachovunjwa ndani ya bandama hupita kwanza kwenye ini.

Kinachovunjwa zaidi ni chembe nyekundu za damu. Chembe hizo huishi siku 120 hivi, na kadiri zinavyozeeka hukakamaa na kushindwa kupenya matundu membamba ya bandama. Zinaponasa humezwa na seli ziitwazo makrofaji. Protini ya hemoglobini hurudishwa kuwa asidi amino, na hemu, sehemu yake yenye chuma, hufunguliwa na kimeng'enya kinachotoa vitu vitatu: chuma, biliverdini, na kiasi kidogo cha kaboni monoksidi, hewa ileile inayoua watu waliofungiwa chumbani na jiko la mkaa. Hii ya mwilini hutoka kwa pumzi bila madhara.

Biliverdini hugeuzwa kuwa bilirubini, rangi ya manjano isiyoyeyuka kwenye maji. Hubebwa na albumini, protini ambayo nayo hutengenezwa na ini, hadi kwenye seli za ini zinazoiunganisha na asidi ya glukuroniki ili iweze kuyeyuka na kutoka na nyongo. Bakteria wa utumbo huibadilisha tena, na ndiyo inayokipa kinyesi rangi yake ya kahawia. Ndiyo maana macho ya manjano si ushahidi wa kutosha kwamba ini ni bovu. Mwenye selimundu huweza kuwa nayo kwa sababu chembe zake nyekundu huvunjika upesi kuliko ini linavyomudu, na bilirubini inayozidi huweza kuganda kuwa mawe katika mfuko wa nyongo, hata kwa kijana. Mtoto mchanga hupata manjano kwa sababu ya pili: kimeng'enya cha ini lake bado hakijakomaa.

Upande wa chuma, uhusiano huenda kinyume: hapa ini ndilo linaloamuru. Uboho huhitaji miligramu 20 hadi 25 za chuma kila siku ili kutengeneza damu mpya, lakini chakula huingiza miligramu 1 au 2 tu. Zilizobaki hutoka karibu zote kwenye makrofaji, hasa ya bandama. Mlango ambao chuma hutokea ni protini iitwayo feropotini, na ini huufunga mlango huo kwa homoni ya hepsidini. Wakati wa maambukizi ini hutoa hepsidini nyingi, na vimelea hunyimwa chuma. Hali hiyo ikidumu, kama katika kifua kikuu, mgonjwa hupungukiwa damu ilhali akiba ya chuma imejaa, na vidonge vya chuma humsaidia kidogo.

Ini linapopata makovu, damu ya vena ya porta hukosa njia, shinikizo hupanda na bandama huvimba. Katika sehemu kubwa ya dunia chanzo ni pombe au homa ya ini aina ya B na C. Kando ya Ziwa Victoria, Ukerewe ikiwemo, lazima kichocho cha tumbo kihesabiwe pia. Mayai ya kimelea chake, Schistosoma mansoni, husombwa na damu hadi kwenye matawi ya vena ya porta, na mwili huyazungushia makovu. La kuhadaa ni kwamba seli za ini zenyewe huendelea kufanya kazi kwa miaka: mgonjwa hana manjano, ana bandama kubwa tu, mpaka siku mishipa iliyovimba kwenye umio inapopasuka naye akatapika damu. Malaria nayo huvimbisha bandama katika maeneo hayohayo, hivyo kulipapasa peke yake hakumwambii mganga chanzo ni kipi.

Bandama kubwa hushika pia chembe sahani. Kwa kawaida huhifadhi theluthi moja ya chembe hizo, lakini likivimba sana huweza kuzishika nyingi zaidi, huku ini lenye makovu likishindwa kutoa vya kutosha homoni ya trombopoietini inayochochea utengenezaji wake. Kipimo cha kawaida cha damu kinachoonyesha sahani chache huweza kuwa dalili ya kwanza ya ini linaloumwa.

Bandama likiondolewa kwa upasuaji, sehemu kubwa ya kazi ya kumeza chembe kuukuu huchukuliwa na seli za Kupffer za ini. Kinachobaki bila mrithi kamili ni ulinzi dhidi ya bakteria wenye kapsuli (ganda la nje), pneumokoka hasa, na hivyo mgonjwa hupewa chanjo, ikiwezekana kabla ya kupasuliwa.