Antigone (tanzia)

Antigone ni tanzia ya Sophocles wa Athens, iliyoigizwa takriban mwaka 441 KK. Ndugu wawili, Eteocles na Polyneices, wameuana wakigombea kiti cha enzi cha Thebes. Mjomba wao Creon, mfalme mpya, anaamuru Polyneices asizikwe, kwa kuwa alileta jeshi la kigeni dhidi ya mji wake. Dada yao Antigone anamfukia kwa udongo, akitaja sheria za miungu zisizoandikwa.

Wasomaji wengi humwona Antigone mtakatifu na Creon dhalimu tu. Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Sheria ya Athens yenyewe ilikataza msaliti kuzikwa katika ardhi ya Attica, hivyo hoja ya Creon haikuwa ngeni masikioni mwa watazamaji. Antigone naye anamkemea dada yake Ismene bila huruma, na anakiri kwamba asingalivunja amri kwa ajili ya mume au mtoto. Mwanafalsafa Hegel aliona hapa haki mbili zikigongana. Hata hivyo Sophocles hakuzipima sawa: mtabiri Tiresias anatamka wazi kwamba miungu imechukizwa na Creon. Kosa lake ni ukaidi, si kuupenda mji. Anapotengua amri, Antigone ameshajinyonga katika pango alimofungiwa kwa agizo lake. Haemon, mwana wa Creon, na Eurydice, mke wa Creon, wanajiua siku hiyo hiyo.