Shajarian: Ustadh wa Kiajemi aliyeficha jina lake ili aimbe

KWA miaka mingi, Wairani walifuturu mwezi wa Ramadhani huku redio na runinga zikipeperusha sauti ya mtu mmoja akighani aya za Kurani zinazoanza kwa neno Rabbana. Aliyeghani alikuwa Mohammad-Reza Shajarian, mwimbaji ambaye babake mzazi hakutaka kabisa awe mwimbaji.

Shajarian alizaliwa Septemba 23, 1940 katika mji wa Mashhad, kaskazini mashariki mwa Iran. Babake, msomaji wa Kurani, alianza kumfunza usomaji akiwa na umri wa takriban miaka mitano. Hapo ndipo kijana huyo alipojifunza kutawala pumzi na kutamka kila herufi bila kuimeza. Muziki, hata hivyo, ulikuwa haramu nyumbani kwao.

Alianza kuimba katika redio ya Khorasan mwaka wa 1959, na baada ya chuo cha ualimu akawa mwalimu wa shule. Alipofika katika redio ya Tehran, alijiita Siavash Bidakani ili kulinda heshima ya babake. Ni mwanzoni mwa miaka ya 1970 tu alipoanza kutumia jina lake halisi.

Masomo yake hayakuwa ya darasani. Muziki wa jadi wa Kiajemi umejengwa juu ya radifu, hazina ya tuni fupi ziitwazo gushe, zilizopangwa katika mifumo mikuu saba inayojulikana kama dastgahi. Mwanafunzi huketi mbele ya ustadh, akasikia, akarudia, akakosolewa, akarudia tena hadi tuni zote zikae moyoni. Waajemi wenyewe husema elimu hiyo hutoka kifua hadi kifua. Akishahifadhi, ndipo anaporuhusiwa kubuni: huchagua shairi, tuseme la Hafez au Saadi, akaliimba bila mdundo maalumu, huku ala zikimfuata na kumjibu.

Shajarian aligonga milango mingi. Kwa Esmail Mehrtash na Ahmad Ebadi alisomea uimbaji; kwa mzee Abdollah Davami akapokea radifu ya sauti. Faramarz Payvar alimfunza kupiga santuri, ala ya nyuzi ambayo jina lake si geni kwa Waswahili waliozoea kuiita hivyo sahani ya muziki. Lakini huenda somo la ajabu zaidi lilikuwa la Nour-Ali Boroumand, mwanamuziki kipofu. Huyu alimrithisha mtindo wa Hossein Taherzadeh, mwimbaji aliyekuwa ameshafariki. Isitoshe, alisikiliza rekodi za waimbaji wa kale, akiwemo mwanamke mashuhuri Qamar-ol-Moluk Vaziri, akizirudia mpaka azimudu.

Matunda yake yalisikika katika tahriri, yaani ule mtetemo wa koo ambao Waajemi huufananisha na mlio wa ndege aitwaye bulbuli.

Aliacha kazi ya redio mwaka wa 1978, baada ya waandamanaji kuuawa jijini Tehran. Rabbana aliirekodi mwaka wa 1979. UNESCO ilimtunukia nishani ya Picasso mwaka wa 1999 na ya Mozart mwaka wa 2006.

Mnamo 2009, Rais Mahmoud Ahmadinejad aliwaita waliopinga matokeo ya uchaguzi takataka. Shajarian alijibu kwamba sauti yake ni ya hao takataka, akalitaka shirika la utangazaji la serikali likome kucheza nyimbo zake. Rabbana hakuikataza, kwani aliiona kuwa mali ya watu. Hata hivyo, nayo iliondolewa hewani, na hakuruhusiwa tena kutumbuiza hadharani nchini mwake.

Alifariki Oktoba 8, 2020 jijini Tehran, baada ya kuugua saratani kwa miaka mingi. Alizikwa Tus, karibu na kaburi la mshairi Ferdowsi, mwendo mfupi kutoka Mashhad alikofunzwa na babake. Mwanawe, Homayoun, naye ni mwimbaji. Yeye alifunzwa na babake waziwazi.