Tunda, Kimea na Jina la Pombe: Mfano wa Mwambao wa Ziwa Viktoria

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba majina ya baadhi ya pombe za Afrika Mashariki hutaja kile kinachoichachusha pombe, wala si kile kinachojaza chungu. Inafaa kuanzia Kisumu na mwambao wake, kwa sababu huko pombe ya asili haikuhitaji tunda.

Pombe ya Wajaluo, yaani kong'o, hutengenezwa kwa nafaka: zamani mtama na ulezi, baadaye mahindi pia. Unga hukandwa kwa maji, huachwa uchache, kisha hukaangwa. Halafu hutiwa maji na kuchanganywa na thowi, yaani kimea cha ulezi. Kimea hugeuza wanga kuwa sukari, tena huleta hamira. Wazee waliinywa pombe hiyo ingali na uvuguvugu, wakizunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake, oseke.

Kwa majirani tunda huingia chunguni, lakini kwa kazi mbili zilizo mbali mbali. Kazi ya kwanza ni kuleta sukari. Waganda hukamua ndizi mbivu kwa nyasi, kisha huongeza unga wa mtama. Wachaga hupika ndizi na kuzichanganya na uji wa kimea cha ulezi. Ndizi ndizo nyingi, lakini nafaka ndiyo inayosaidia kuchachusha. Basi si ajabu kwamba pombe ya Wachaga huitwa mbege, neno ambalo asili yake ni jina la ulezi.

Kazi ya pili ni kuleta uchachu wenyewe. Wagikuyu hulipasua tunda la mvungunya, hulianika, kisha hulitia katika maji ya asali au ya miwa. Sukari ni ya asali. Tunda hubeba hamira katika nyuzi zake, na likishatumika hukaushwa na kuwekwa kwa ajili ya pombe ijayo. Hata hivyo pombe hiyo huitwa muratina, yaani kwa jina la tunda.

Wajaluo nao wanao mti huo, nao huuita yago. Lakini tunda lake wamelipa kazi nyingine: mtu akizama ziwani au akipotelea mbali, na maiti yake isipatikane, yago huzikwa badala yake. Kamusi itakayosema tu kwamba mvungunya ni mti wenye matunda marefu itakuwa imeacha nje habari zake zote mbili, ya chunguni na ya kaburini.

Mji wa Kisumu ulianza reli ilipofika ziwani mwaka 1901, na katika miaka ya 1920 kilimo cha miwa kikaanzishwa Miwani, karibu na mji huo. Sukari guru ikawa malighafi ya chang'aa, ambayo hupatikana kwa kukusanya mvuke wa pombe iliyochacha. Sheria ya mwaka 1980 iliipiga marufuku chang'aa nchini Kenya, na marufuku hiyo ilidumu hadi sheria ya vileo ya mwaka 2010. Katika muda huo kinywaji hicho kilitengenezwa kwa kificho, na mnywaji hakuweza kujua kilichotiwa ndani yake.

Mwezi Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi kwa pombe iliyotiwa methanoli. Pombe hiyo iliitwa kumi kumi, kwa kuwa kipimo kimoja kiliuzwa shilingi kumi. Mbege na muratina yalikuwa majina yenye kumfunulia mnywaji siri ya chungu. Kumi kumi lilimwambia bei tu. Kwa hiyo kukusanya msamiati wa thowi, oseke na yago kutoka kwa akina mama wapika pombe ni kazi ya haraka kwa mwanaisimu, maana maneno hayo yamehifadhi elimu ambayo sheria na soko havikuihifadhi.