Motokari mbili za Hiroshima

Wandugu, juma lililopita mdogo wetu mmoja aliniuliza: "Yaya, kati ya motokari za Mazda, ni gani yenye maana zaidi katika historia, ile iliyoshinda Le Mans ao ile ndogo ya wazi ya viti viwili?" Nilimujibu haraka: ya Le Mans. Nilipofika nyumbani nikaona nimejibu sawa vile mushabiki, hapana sawa mutu aliyesoma historia.

Zote mbili ni za Hiroshima. Sisi wa Katanga jina hilo lisitupite hivi hivi: sehemu kubwa ya uraniamu ya bomu ya tarehe 6 Agosti 1945 ilichimbwa kwetu, Shinkolobwe. Kiwanda cha kampuni, wakati ule ikiitwa Toyo Kogyo, kilikuwa mbali kidogo na katikati ya mji, nyuma ya kilima, kikapona. Mwezi wa 12 mwaka uleule kilikuwa kinatengeneza tena vikamyo vya magurudumu matatu.

Ile ndogo, MX-5, ilionyeshwa Chicago mwezi wa 2, 1989. Moteri ya lita 1.6, uzito usiofika tani moja, bei yake Marekani dolari 13,800. Motokari za namna hiyo zilikuwa za Waingereza, MG na Triumph, nzuri sana lakini zilijulikana kwa kuvuja mafuta na kufia njiani. Mazda ilichukua wazo lilelile, ikaongeza kitu kimoja: iwake kila asubuhi.

787B zilitengenezwa tatu tu. Moteri yake haina pistoni. Kuna rota nne za pembe tatu zinazozunguka, nguvu ya farasi 700. Tarehe 22 na 23 Juni 1991, namba 55, rangi ya chungwa na kijani, ilizunguka Le Mans mara 362. Ni karibu kilomita 4,923, mbali kuliko kutoka Lubumbashi mpaka Kinshasa na kurudi (kwa barabara zetu, usiulize masaa). Johnny Herbert, aliyeimaliza, alikuwa amekauka maji mwilini, akaanguka. Wenzake Weidler na Gachot walipanda jukwaani bila yeye.

Watu wanasema moteri ile ilikatazwa juu ilishinda. Ni bongo. Kanuni mpya ya moteri za lita 3.5 ilikuwa imeshapangwa mbele ya mashindano. Na kuna jambo mashabiki hawapendi kusikia: ushindi ulianzia kwenye karatasi. Mazda waliomba wakimbie na kilo 830, wakakubaliwa, wakati Mercedes na Jaguar walibebeshwa 1,000. Motokari nyepesi inakula mafuta kidogo, inachunga matairi na breki. Mercedes iliyoongoza ilikufa kwa joto la moteri masaa machache mbele ya mwisho.

Wepesi, basi. Ndiyo siri ya MX-5 pia. Na Kenichi Yamamoto, injinia aliyeongoza kazi ya moteri ya rota miaka ya 1960, ndiye alikuwa mkubwa wa kampuni wakati mradi wa MX-5 ulipokubaliwa.

Namba 55 sasa inakaa katika makumbusho ya kampuni, Hiroshima. MX-5 ilifikisha milioni moja mwaka 2016. Mdogo wangu, najibu upya: ile ya bei ndogo. Lakini sauti ya zile rota nne, ukiisikia, utanisamehe jibu la kwanza.