Faibroma ya ovari: Uvimbe unaofanana na saratani, lakini si saratani

Tumbo limejaa maji, pumzi inabana, altrasaundi inaonyesha uvimbe mgumu kwenye ovari na kipimo cha damu cha CA-125 kimepanda. Hapo familia nyingi huanza kulia. Ngoja kwanza: inaweza kuwa faibroma.

Faibroma ni nini?

Ni uvimbe usio wa saratani unaoota kwenye stroma, yaani tishu inayoishikilia ovari. Usiichanganye na fibroidi, ambayo huota kwenye mfuko wa uzazi. Huwapata zaidi wanawake wa makamo na waliokoma hedhi, na kwa kawaida hushika ovari moja.

Dalili zake

Ukiwa mdogo, huenda usihisi chochote. Ukikua, tumbo hujaa na nyonga huuma. Maumivu makali ya ghafla yanaweza kuwa ishara kwamba ovari imejisokota. Hiyo ni dharura, wahi hospitali.

Kwa nini unachanganya?

Mwaka 1937, daktari wa Marekani Joe Vincent Meigs na mwenzake walieleza habari za wagonjwa 7 waliokuwa na faibroma pamoja na maji tumboni na kifuani. Uvimbe ukitolewa, maji nayo huisha. Hali hiyo sasa inaitwa sindromu ya Meigs. Ni nadra, na CA-125 inaweza kupanda pia, ndiyo maana hudhaniwa saratani.

Jibu la uhakika linatoka wapi?

Kwenye altrasaundi, faibroma inaweza kuonekana kama fibroidi. MRI husaidia kuzitofautisha, lakini neno la mwisho ni la maabara ya patholojia.

Uvimbe ukipasuliwa, ndani huwa mgumu na mweupe. Chini ya hadubini huonekana seli nyembamba, ndefu, zilizojipanga kwa mafungu yanayopishana, na kolajeni katikati yake. Mtaalamu huangalia pia kama seli zina maumbo yasiyo ya kawaida na kama zinagawanyika kwa kasi. Yote mawili yakiwepo, ndipo saratani hushukiwa.

Matibabu

Ni upasuaji. Kwa anayetaka bado kuzaa, mara nyingi uvimbe unaweza kutolewa na ovari ikabaki.

Kwa hiyo usipuuze uvimbe, na usikubali kukata tamaa kwa picha peke yake. Muulize daktari: "Majibu ya kinyama yanasemaje?"